Mkanda wa Pikapu ya Maziwa

Mkanda ulilia tena. Ulilia kwa sauti ile ile ya jana na juzi, nyembamba na kali, ikapanda kadiri mguu ulivyokandamiza mafuta, ikatoka gerejini, ikavuka barabara na kuingia katika gereji ya pili, mahali ambapo Fundi asingependa hata kikohozi chake kifike.

"Mzee!" aliita Kompyuta kutoka ng'ambo, bila hata kutoka chini ya gari alilokuwa akilitengeneza. "Huyo mbuzi mnamchinja lini? Siku ya tatu hii, mwoneeni huruma!"

Vicheko vikafuata. Kompyuta alipewa jina hilo kwa sababu hagusi gari kabla ya kulichomeka waya na kusoma kwenye kioo linaumwa nini, na Fundi alimdharau waziwazi kwa jambo hilo. Yeye alitumia sikio, kidole na uzi. Kwa miaka ishirini na minne vitu hivyo vitatu vilikuwa vimemtosha. Alizima injini, akajifuta mikono polepole ili watu waone kwamba hana haraka, lakini moyoni alikuwa ameanza kuogopa.

Pikapu ilikuwa ya shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye kila mtu alimwita Maziwa kwa sababu ya kazi yake. Asubuhi alipandisha mlimani magunia ya chakula cha ng'ombe, mchana akateremka na madebe ya maziwa. Injini ilikuwa ndogo. Ikifika nusu ya mlima ilihema kama mgonjwa wa pumu. Basi Maziwa akaenda kwa wauza vyuma chakavu na kurudi amekumbatia supachaja kama mtoto mchanga: pampu ya kuisukumia injini hewa ili ipate nguvu ambazo haikuzaliwa nazo. "Shemeji, nifungie hii," alisema. Fundi hakuwahi kufunga supachaja maishani mwake, na ndiyo maana alikubali haraka hivyo.

Supachaja huzungushwa na mkanda. Katika pikapu ile mkanda ulikuwa mmoja tu, mrefu, unaopita kwenye puli zote, yale magurudumu madogo ya mbele ya injini: ya supachaja, ya pampu ya maji, ya usukani na ya kuchaji betri. Mkanda ukiteleza, gari linapiga kelele na kukosa nguvu. Mkanda ukitoka, maji yanachemka na usukani unakuwa mzito ghafla, na kama wakati huo uko kwenye kona ya mlimani na tani nzima ya magunia mgongoni, basi tena. Fundi alilijua hilo vizuri mno.

Hakuna alichoacha kujaribu. Siku ya kwanza alivuta uzi kutoka puli hadi puli, akagundua ya supachaja imetoka nje kwa unene wa sarafu, akaisogeza mpaka uzi ukagusa zote sawasawa. Akasugua mifereji ya puli kwa brashi ya waya. Akaongeza puli nyingine ndogo pembeni ili mkanda uikumbatie puli ya supachaja kwa eneo kubwa zaidi. Siku ya pili alitupa mkanda ule na kufunga mpya. Kila jioni gari lilinyamaza. Kila asubuhi lililia. Angekuwa mtu wa kuamini vitu vya ajabu angekwishaita mtu aje kufukiza ubani. Kwa kuwa hakuwa hivyo, alianza kuitilia shaka mikono yake mwenyewe, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Sasa, jambo ambalo Fundi hakulijua lilikuwa likitendeka kila siku saa kumi na moja jioni, hatua sita tu kutoka bafuni alikokuwa akioga.

Mkewe aliitwa Mama Mng'aro mtaa mzima, na jina alilipenda. Yeye ndiye aliyeyaaga magari. Kabla gari halijarudi kwa mwenyewe alifungua boneti, akafuta vumbi na grisi, kisha akachukua kopo lake la dawa ya kung'arishia, ile ya kupuliza, yenye harufu ya ndimu, na kupaka kila kilichokuwa cha plastiki au raba. "Gari la kwetu haliondoki na uso mchafu," ndivyo alivyosema. Na kweli, wateja walifunguliana boneti mitaani na kuoneshana. Alipaka vifuniko, alipaka mipira ya maji, na alipaka mkanda. Mkanda wa pikapu aliupaka kwa uangalifu kuliko vyote, pande zote mbili, akiuzungusha kidogo kidogo, kwa kuwa lilikuwa gari la mdogo wake.

Wala hakuwa ameanza leo. Magari mengine yalivumilia tu, maana mkanda wa kawaida hauvuti mzigo mkubwa. Mteja alirudi baada ya wiki akilalamikia mlio, Fundi akamkazia mkanda, mambo yakaisha. Harufu? Pua ya Fundi ilishauawa na petroli zamani. Mkewe alikuwa akimtania kwamba nyumba inaweza kuungua yeye akauliza kuna nini.

*

Jioni ya siku ya tatu Maziwa alikuja na begi la nguo, akasema amengoja vya kutosha.

"Wafugaji wamenipigia mpaka simu imechoka, shemeji. Ng'ombe hawajui habari za supachaja. Kesho asubuhi napanda, iwe isiwe."

"Kesho ndiyo siku ya binti kuripoti chuoni huko mlimani," alisema Mama Mng'aro. "Mwisho saa sita mchana. Si unampeleka wewe?"

"Nampeleka mimi. Nimpeleke na nini sasa, na baiskeli?"

Wote wakamtazama Fundi. Binti yao, wa pekee, alikuwa mlangoni na fomu zake za chuo cha uuguzi ndani ya bahasha ya plastiki, na yeye pia akamtazama, kwa imani ile ambayo mtoto huwa nayo kwa baba aliyewahi kumtengenezea kila kitu kuanzia kikaragosi mpaka miwani.

Fundi alichukua spana namba kumi na saba, akainama kwenye boneti na kufanya kitu ambacho angemtukana mwanafunzi yeyote kwa kukifanya. Aliukaza mkanda. Aliukaza kupita pale kidole kinapokuambia inatosha, mpaka bolti ya kikaza mkanda ikafika mwisho wa nyuzi zake na ukigonga mkanda unalia kama waya wa gitaa. Akawasha gari na kukandamiza mafuta. Kimya. Ng'ambo ya barabara Kompyuta alipiga makofi mara tatu, taratibu.

"Umeona?" Fundi alimwambia shemeji yake. Jasho jembamba lilikuwa likimtoka mgongoni.

Alipoenda kuoga, Mama Mng'aro alichukua kopo.

Asubuhi saa tatu gari liliwaka, likalia kidogo, likanyamaza. Magunia thelathini yalikuwa yamepangwa nyuma na kufungwa kamba. Binti alikaa mbele na begi mapajani.

"Likinililia njiani?" aliuliza Maziwa kwa sauti ya chini.

"Halitalia."

"Shemeji, nakuuliza. Likilia?"

Fundi aliangalia kando, akaona Kompyuta amesimama na kikombe chake cha chai, anasikiliza. "Likilia, simama, zima, kaza robo mzunguko," alisema kwa sauti ya mtu anayejua. "Likilia tena, robo nyingine. Shika hii." Akampa spana kumi na saba.

Mama Mng'aro aliifuta boneti kwa kitambaa mara ya mwisho, akamshika bintiye shavu kupitia dirishani. "Ukifika uazime simu ya mtu utuambie. Na usikubali kitanda cha mlangoni, utapigwa na baridi."

"Mama, mimi ndiye nitakuwa nesi."

"Nesi hapigwi na baridi?"

Pikapu ikaondoka. Ilipopinda kona walisikia mlio mfupi, mwembamba. Fundi akajitia hakuusikia.

*

Alipata usingizi wa dakika kumi kwenye kiti, wa kwanza wa maana kwa siku tatu, kisha akaamka na kuanza kufagia. Mkanda wa zamani, ule alioutupa siku ya pili, ulikuwa umening'inia kwenye msumari. Alimrushia mkewe.

"Uone kitu kilichonitesa. Hauna ufa, hauna mafuta, haujalika. Nimeshindwa kujua uliteleza kwa nini."

Mama Mng'aro aliudaka, nao ukamponyoka na kuanguka. Akauokota, ukamponyoka tena. Aliuleta karibu na uso.

Ulinukia ndimu.

Aliukunja mkanda, akautundika kwenye msumari, akaenda jikoni na kusimama mbele ya sinia la vyombo. Aliwaza: gari limeshaondoka, na limenyamaza, na mume wangu ametangaza mtaani kwamba amelimaliza. Nikisema leo, Kompyuta atapata cha kuchekea mpaka wajukuu. Aliwaza: huenda si hiyo dawa. Aliwaza: nitamwambia jioni, taratibu, akishakula. Sufuria aliiosha mara mbili. Dakika ishirini zilipita hivyo, na baadaye katika maisha yake hakuna kitu alichojilaumu kama dakika zile ishirini.

Alirudi gerejini na kitambaa begani.

"Mume wangu. Mkanda ukiwa na kitu cha kuteleza, unafanyaje?"

"Nimekwambia hauna mafuta. Nimeuangalia inchi kwa inchi."

"Si mafuta. Kitu cha kung'arisha."

Fundi aliacha kufagia. Alimwangalia mkewe, akaangalia kopo kwenye rafu, akauchukua mkanda na kuubandika puani. Alivuta pumzi mara mbili. Hakusikia kitu.

"Unanuka nini?"

"Ndimu."

"Na ule mpya?"

"Jana jioni. Na juzi." Alikishusha kitambaa begani. "Na siku ya kwanza. Mimi nilijua napendezesha. Nisamehe, baba, mimi nilijua napendezesha tu."

Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Fundi alikaa juu ya ndoo, akawa anautelezesha mkanda kati ya vidole kama mtu anayehesabu.

"Kama ni dawa," alisema polepole, "hata ukikaza vipi, unateleza. Ukipata joto ndiyo kabisa."

"Basi si utalia tu? Watasikia, watasimama."

"Watasimama," alisema Fundi. "Halafu watakaza. Nimemwambia akaze."

Mama Mng'aro hakuwa akijua hilo. Alikuwa dirishani kwa bintiye wakati maneno yale yanasemwa. "Si akaze tu, kuna ubaya gani?"

"Bolti imefika mwisho. Mimi mwenyewe nimeifikisha mwisho jana. Akiongeza robo moja inaweza kustahimili. Akiongeza ya pili..."

Ndipo walipoiona hatari nzima, kwa sababu kila mmoja alikuwa amekaa na nusu yake. Mama Mng'aro alishika mlango. Fundi alikuwa tayari na simu sikioni, na simu ikamwambia kwa upole kwamba namba anayopiga haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Ukishaanza mlima mawasiliano hukatika, kila mtu analijua hilo. Binti hakuwa na simu. Chuo kilikuwa kimekataza, na simu yake ilikuwa kabatini imefungwa kwenye soksi.

"Wana zaidi ya nusu saa barabarani sasa," alisema Mama Mng'aro. "Baba, fanya kitu. Fanya kitu!"

*

Barabara ile ilikuwa na upana wa hatua kumi na moja. Fundi alikuwa hajaivuka kwa shida yake hata siku moja tangu Kompyuta afungue gereji.

"Mzee, vipi, mbuzi kasafiri salama?" Kompyuta alisema, na vijana wake wakajiandaa kucheka. Kisha akauona uso wa Fundi.

"Una namba ya yule wa pancha pale kizuizini, chini ya mlima?"

"Ninayo. Kuna nini?"

Vijana walikuwa wamesimama na spana mikononi. Mkewe alikuwa nyuma yake. Alisikia pumzi zake.

"Mkanda nimeufunga vibaya," alisema. "Mimi. Nimeufunga vibaya, na nimewapa spana waukaze. Binti yangu yuko ndani."

Kijana mmoja alitoa kicheko cha nusu. Kompyuta alimgeukia, kijana akakimeza. Alitafuta namba, akapiga, akaiweka sauti ya nje ili wote wasikie.

"Ehee, wamepita!" ilisema sauti ya mtu wa pancha, huku nyuma yake kukisikika mngurumo wa malori. "Gari linalia hilo, utafikiri linafiwa! Nimewaazima bomba langu, jamaa akachomeka kwenye spana akakaza mpaka akatoa jasho."

"Lini?"

"Kama robo saa hivi."

"Likanyamaza?"

"Likanyamaza. Nilipolisikia linaanza tena lilikuwa kona ya pili huko juu."

Mama Mng'aro alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Kompyuta alishavua ovaroli mabegani na kufunga mikono ya vazi hilo kiunoni.

"Ingieni," alisema. "Mzee, kaa mbele. Mama, shika hapo, nitakimbiza."

*

Alikimbiza kweli. Siku nyingine Fundi angesema kijana yule anaendesha kama aliyeiba. Leo kila alipogusa breki alitamani asiguse. Walipita kizuizini bila kusimama. Mtu wa pancha aliwanyooshea mkono kuelekea juu, kana kwamba kulikuwa na njia nyingine. Kisha mlima ukaanza, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine hakuna kitu.

Nyuma, Mama Mng'aro alikuwa anapiga simu ambayo haipatikani. Alikuwa pekupeku, viatu vilibaki jikoni. Kwa kila kona alifumba macho, akaona ni afadhali kuyafumbua, akayafumbua, akaona ni afadhali kuyafumba.

"Jiwe la ukingoni limevunjika!" alipiga kelele. "Pale! Simama!"

"La zamani hilo, mama," alisema Kompyuta. "Limeota nyasi."

Kona ya tano walikuta gunia katikati ya barabara limepasuka, chakula cha ng'ombe kimemwagika manjano kwenye lami. Kompyuta alilikwepa. Fundi alikuwa ameshika ukanda wa kiti kwa mikono miwili na anafanya hesabu: robo ya kwanza pale kizuizini, na kwa bomba huenda ilikuwa zaidi ya robo. Kona ya pili ikalia. Maziwa si mtu wa subira. Atakuwa amesimama tena wapi? Kona ya nne? Ya sita? Na alipokaza, ilikatika palepale, au ilingoja kwanza wapande, wafike kwenye kona, wageuze usukani?

"Mzee, pumua," alisema Kompyuta.

"Napumua."

"Hupumui."

Kona ya tisa iliwafungulia uwanja mpana wa kuegesha malori, na hapo, kando kabisa, ilisimama pikapu. Boneti ilikuwa wazi. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yamewekewa mawe. Maziwa alikuwa anazunguka mbele yake huku na huku, anaongea peke yake na kurusha mikono. Binti hakuonekana.

Mama Mng'aro alifungua mlango gari likiwa bado linatembea.

"Yuko wapi? Mwanangu yuko wapi?"

"Mwulize mwenyewe!" Maziwa alifoka, akanyoosha kidole upande wa pili wa gari. "Dada, mtoto wenu huyu mmemleaje? Nusu saa nzima! Jua linapanda, wafugaji wananingoja, chuo kinafungwa saa sita, yeye amekaa!"

Binti alikuwa amekaa chini, kwenye changarawe, ameegemea gurudumu la mbele. Gauni lake jipya la kuripotia lilikuwa na vumbi hadi kiunoni. Mikono aliizungusha magotini. Alimwangalia mama yake, akamwangalia baba yake, asisimame. Macho yalikuwa mekundu.

"Kaikalia spana," alisema Maziwa. "Nimeshuka nikaze, kainyakua, kaikalia. Nimembembeleza, nimemfokea, nimemwita majina ambayo sitayarudia mbele yenu. Hatoki wala hasemi kwa nini. Nilikuwa nimebakiza kumbeba."

Fundi alimtazama bintiye mikono, miguu, uso. Vyote vilikuwepo. Ndipo akaenda kwenye injini. Mkanda ulikuwa bado wa moto. Aliinama kuiangalia bolti ya kikaza, akaona shingo yake imekuwa nyembamba, imevutika. Alimwomba Kompyuta koleo, akawaambia wote warudi nyuma. Alisimama kando, akakishika kichwa cha bolti kwa koleo na kuanza kukilegeza, taratibu sana.

Hakikulegea. Kilikatika. Kikaza mkanda kiliruka na kugonga chuma cha juu kwa mlio kama wa risasi, kikaacha kishimo, na mkanda ukaanguka wote kama nyoka aliyekufa, nusu ndani, nusu juu ya changarawe.

Maziwa alikuwa akiangalia kile kishimo. Kilikuwa mahali ambapo kichwa chake kilikuwapo kizuizini alipokuwa anakandamiza bomba. Halafu akaangalia barabara inakoelekea, kona ya kumi, mahali usukani hugeuzwa mpaka mwisho na hakuna ukingo. Akakaa chini.

"Ulijuaje?" Fundi alimwuliza bintiye.

"Nilihisi tu."

"Ulihisi nini?"

"Nilihisi tu, baba." Aliyakwepa macho ya mama yake alipokuwa akisema hivyo. Na bado hakusimama.

Mama Mng'aro alikuwa ameanza kumwendea. Alipopita mbele ya gari, harufu ilimpata. Ilitoka kwenye mkanda ule wa moto, nzito, tamu, imejaa hewani kana kwamba mtu amekamua kikapu kizima cha ndimu. Kompyuta aliisikia pia. Alikunja pua na kutazama huku na huku. Mama Mng'aro alisimama. Alimtazama bintiye, ambaye amekua akiisikia harufu ile kila jioni saa kumi na moja, na akaelewa kwa nini mtoto yule amekubali kutukanwa nusu saa barabarani bila kujitetea kwa neno moja.

Angeweza kunyamaza. Mumewe alishajitwisha, binti alishajitwisha, na Kompyuta hakuwa na haja ya kujua.

"Ni mimi," alisema.

"Mama, acha," alisema binti.

"Ni mimi nilipaka dawa kwenye mkanda. Siku zote tatu, yeye anautengeneza, mimi naupaka." Aliongea kwa sauti, ili Kompyuta asikie vizuri, na mdogo wake asikie. "Hakufunga vibaya. Kidogo niwaue wote wawili kwa kutaka gari lipendeze."

"Na mimi nilikaza badala ya kutafuta," alisema Fundi. "Usiubebe peke yako."

Kompyuta aliangalia viatu vyake. Watu wangedhani angekuwa na la kusema, mtu mwenye maneno yale yote. Alisema tu kwamba ni saa nne na nusu, na wakiondoka sasa binti atawahi chuo, na akaenda kulichukua begi lake kwenye pikapu bila kungoja jibu.

Binti ndipo aliposimama. Alijikung'uta vumbi nyuma, akainama, akaiokota spana kumi na saba. Hakumpa baba yake aliyekuwa amenyoosha mkono. Alimpa mama yake.

"Nilisikia harufu tangu kizuizini, na jana nilimwona baba akiifikisha bolti mwisho," alimnong'oneza. "Ningemwambia mjomba, angewaambia watu."

Mama Mng'aro alimkung'uta vumbi lililobaki kwenye gauni. Gari la Kompyuta liliondoka, mkono wa binti ukapunga dirishani mpaka kona ya kumi. Fundi alimwomba Maziwa maji na sabuni, akaanza kuziosha puli moja moja. Mkewe alibaki amesimama pekupeku kwenye changarawe, spana ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili, na spana ilikuwa bado na joto.